Maswali na Majibu: Farasi Anayekimbia Akiona Kamba

SWALI: Nilinunua farasi jike mwenye umri wa miaka 8 ambaye amepitia mikononi mwa wamiliki kadhaa, na hakuna anayeweza kunieleza alivyotendewa huko nyuma. Akiniona naingia uwanjani na kamba mkononi, hukimbilia kona ya mbali na kunipa mgongo, na hata nikifaulu kumshika hutetemeka ninapoinua mkono karibu na masikio yake. Nimekuwa nikimfuata polepole, bila ukali wowote, mpaka achoke na kusimama, lakini kesho yake huwa mgumu zaidi. Nifanye nini ili aniamini?

JIBU: Kwanza mwite daktari wa mifugo. Huenda masikio hayo yana kupe au kidonda, na huenda kamba humkumbusha lijamu, yaani chuma cha mdomoni, linalomuumiza, kwa kuwa meno ya farasi huendelea kuchomoza kwa miaka mingi na kingo zake huweza kuwa kali kiasi cha kujeruhi mashavu na ulimi. Mnyama mwenye maumivu hatulizwi kwa mafunzo.

Akithibitika kuwa mzima, acha kabisa kumfuata. Farasi ni mnyama anayewindwa, na kwake kiumbe kinachomwandama bila kukoma kinawinda, hata kama kinatembea kwa upole. Macho yake yaliyo pembeni mwa kichwa humwonyesha karibu pande zote kwa wakati mmoja, takriban nyuzi 350, isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele kabisa ya paji la uso na nyingine iliyo nyuma ya mkia. Kwa hiyo mwendee kwa mshazari kuelekea begani, huku ukisema naye kwa sauti ya kawaida, na akikupa mgongo usimsogelee, bali zunguka ukiwa mbali na mateke mpaka uone jicho lake.

Tafuta umbali ambao hapo ndipo anapoanza kukushuku, yaani anapoinua kichwa, anapoacha kutafuna au anapokuelekezea sikio moja, kisha simama hapo kabla hajaondoka. Subiri mpaka apumue kwa nguvu, apepese macho au ashushe shingo, na papo hapo geuka uende zako. Kuondoka kwako ndiyo tuzo yake, na ni lazima kufuate utulivu wake ndani ya sekunde moja au mbili, la sivyo hatajua amelipwa kwa lipi. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: farasi akitulia wao husonga hatua nyingine, na hivyo kumwadhibu kwa kutulia. Akiamua kuondoka kabla yako, usimzibie njia. Farasi anayejua kwamba anaruhusiwa kuondoka hupata sababu ya kubaki.

Atakapokubali kuguswa, mkune kwenye kinundu kilicho mwanzo wa mgongo, pale shingo inapoishia, kwa kuwa farasi wenyewe hukunana hapo na mapigo ya moyo hupungua wanapokunwa. Kumpigapiga shingoni ni mazoea yetu sisi binadamu. Masikio yaje mwisho: telezesha mkono kutoka shingoni, na uuondoe kabla hajainua kichwa. Jihadhari pia na utulivu wa uongo, maana farasi anaweza kusimama kama nguzo kwa sababu ya hofu, pua zikiwa zimekazana na macho hayapepesi. Ukiwa na shaka, pima mshipa ulio chini ya taya. Moyo wa farasi mkubwa aliyepumzika hupiga takriban mara 28 hadi 44 kwa dakika.

Kuhusu kamba, uwe nayo kila unapoingia, na mara nyingi usiitumie. Mvishe, mkune, mvue, ondoka. Na uso wako pia utulie: watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza walichapisha mwaka 2016 matokeo yaliyoonyesha kwamba mapigo ya moyo wa farasi yalipanda haraka zaidi walipoonyeshwa picha za nyuso zenye hasira kuliko zenye furaha.

SWALI: Je, nimvute farasi mwoga kwa chakula cha mkononi?

JIBU: Si mwanzoni. Farasi mwenye hofu huja kwa tamaa, shingo ikiwa mbele na miguu ikiwa tayari kukimbia, kisha chakula kikiisha hugundua kwamba yuko karibu mno nawe na kukurupuka. Mwekee kwenye ndoo na uondoke. Baadaye chakula kinaweza kutolewa kama malipo, baada ya farasi kufanya ulichotaka.

SWALI: Farasi wangu ni mtulivu, ila hushtuka sana akiona mfuko wa plastiki ukipeperuka. Nimfunge nguzoni nimzoeze?

JIBU: Hapana. Aliyefungwa akishtuka hurudi nyuma kwa nguvu zake zote, na anaweza kuumia shingo. Mtu mwingine atembee mbele akiwa ameshika mfuko, akienda mbali nanyi, nawe umwongoze farasi nyuma yake kwa kamba ndefu ambayo hujaizungusha mkononi. Farasi hudadisi kitu kinachomkimbia, na baada ya muda atataka kukinusa mwenyewe. Akifika hapo, mfuko usimamishwe na usisogezwe kumwelekea.