Uliza Daktari: Moyo wa ndugu yangu ulichoka aje na shida ilikuwa tumboni?

*Daktari habari. Ndugu yangu mdogo ako na miaka 26, ni mtu wa boda hapa Njoro, hajawahi kuugua kitu. Aliumwa na tumbo akafikiri ni vidonda akanunua dawa kwa kemisti, kumbe ni apendiksi na ilikuwa imepasuka. Kufika hospitali presha iko chini kabisa, akafanyiwa upasuaji akawekwa ICU, halafu wakapiga eko, ile picha ya moyo, wakasema moyo umechoka, unasukuma damu kidogo sana. Saa hii ako nyumbani. Viini vilifikaje kwa moyo? Na nasikia utafiti wa haya mambo unafanywa kwa panya, sasa panya atatuambia nini? Na atarudi kazi kweli?*
Dada yake, Njoro

Pole sana dada, na mlifanya vizuri kumkimbiza. Shida hiyo inaitwa sepsisi, na hapo viini mara nyingi havifiki kwa moyo hata kidogo, vinabaki kule tumboni. Mwili ukipigana navyo unamwaga kemikali kwa damu, mishipa inalegea, presha inaanguka (ikianguka sana tunaita shoki), na kemikali hizo hizo zinapita kwa misuli ya moyo zikiipunguza nguvu.

Zamani madaktari wengi walidhani moyo unakosa damu yake wenyewe, kama kwa mtu wa hati ataki. Mwaka wa 1986 watafiti wa Marekani walipima damu inayopita kwa mishipa ya moyo ya wagonjwa wa shoki ya aina hii wakakuta iko sawa, kwa wengine hata imezidi. Miaka miwili kabla yake, huko Bethesda, Marekani, walikuwa wamefuatilia wagonjwa 20, na wengi wa waliopona moyo wao ulikuwa umetanuka na kulegea siku za kwanza halafu ndani ya siku kama 10 ukarudi kawaida. Moyo uliokufa haurudi hivyo.

Sasa kuna hii kazi ya 1985 ambayo mimi naiheshimu kuliko zingine zote. Walichukua seli za moyo za panya wachanga, zile zinadunda zenyewe kwa sahani ya maabara, wakazimwagia maji ya damu ya wagonjwa wa shoki, na mdundo ukafifia hapo hapo wakiangalia. Maji ya damu ya wagonjwa hao hao wakiwa hawako kwa shoki hayakufanya hivyo. Yaani sumu ilikuwa kwa damu. Mwaka wa 1996 ikaonekana kwamba ukiondoa protini mbili za kinga, TNF alfa na intalukini 1 beta, ile nguvu ya kufifisha inaisha. Ndani ya seli pia kalsiamu inavurugika na mitokondria, zile zinatengeneza nguvu ya seli, zinapunguza kazi, lakini ukiangalia kwa hadubini seli zilizokufa ni chache, moyo uko kama makaa yaliyofunikwa na majivu.

Panya mzima naye anatumika hivi: anapigwa nusukaputi, sehemu ya utumbo inafungwa na kutobolewa kwa sindano ili uchafu uvuje tumboni, karibu sana na kilichompata ndugu yako, halafu anapigwa eko. Tumejifunza mengi kwa njia hiyo. Ila panya anavumilia sumu ya bakteria kuliko sisi, na huwa ni kijana mzima hana kisukari wala nini, ndiyo maana dawa za kuzuia TNF zilisaidia wanyama na kwa watu matokeo yakakatisha tamaa. Hata levosimendani, dawa ya kuupa moyo nguvu, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 516 na matokeo ya 2016 hayakuonyesha faida. Kwa hivyo mpaka leo kinachookoa ni antibayotiki mapema, kuondoa usaha, na dawa za kuinua presha.

Kuhusu boda, arudie eko kwanza. Akivimba miguu au akishindwa kupumua akilala, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

*Daktari, mbona wengine hawaongezewi dripu haraka na presha iko chini?*
Baba Achieng, Kisumu

Baba Achieng, hapo kuna utafiti wa huku kwetu, uliofanywa Kilifi, Uganda ikiwemo Mbale hapo ng'ambo ya Mlima Elgon, na Tanzania. Ulitoka 2011, watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Waliopewa maji mengi haraka walikufa zaidi, kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48, na ambao hawakupewa hivyo asilimia 7.3, na vifo vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Lakini watoto wa kuhara hawakuwa kwa utafiti huo, kwa hivyo mtoto akiharisha mpaka macho yanaingia ndani mpe ORS mkiwa njiani na mumpeleke, huyo maji anayahitaji.