Kamera chumba cha kubadilishia nguo, na meneja anaesoma meseji za watu

SUALI: Asalaam alaykum bibi. Mie nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni huku Kaskazini Unguja. Wanawake tuko saba, tuna kachumba nyuma ya jiko ndo tunavua mabuibui tunavaa yunifomu na adhuhuri tunasali humo humo. Wiki ilopita mwenzetu kainua macho kaona kamera juu ya kabati imetuelekea. Tukauliza, tukajibiwa mataulo yanapotea. Hatujatulia meneja kaniita kanionesha karatasi kachapisha meseji zangu za WhatsApp na dada yangu, tulikuwa tunalalamika mshahara kuchelewa, maana nilifungua kwenye komputa ya mapokezi nikasahau kutoka. Kanipa barua ya onyo, kasema komputa ya hoteli na kila kilomo cha hoteli. Kweli sheria inamruhusu?

JAWABU: Waalaykum salaam mwanangu. Nianze na hiyo kamera maana imenikera mpaka sasa. Tajiri ana haki ya kulinda mali yake, akaweka kamera getini, stoo, pale penye pesa, mlango wa dobi, na akawaambia watu jamani hapa pana kamera, sina neno. Lakini chumba wanachovulia nguo wanawake hakuna taulo lenye thamani hiyo! Mataulo yanahesabiwa, yanaandikwa kwenye daftari, anaetoka zamu anamkabidhi anaeingia, kazi imekwisha. Surat Hujurat aya ya 12 imetukataza kuchunguzana, na sisi hapa Unguja hata kuingia ukumbini kwa mtu unapiga hodi kwanza, sembuse pale mtu alipovua ushungi wake.

Tena jiulizeni picha hizo zinakwenda wapi. Kamera nyingi za siku hizi zinaonekana kwenye simu, kwa hiyo anaeangalia anaweza kuwa meneja, anaweza kuwa mwenye hoteli alieko nje ya nchi, na hata fundi aliekuja kufunga kama neno la siri halijabadilishwa. Kwa hiyo msiivunje, ipigeni picha ilivyokaa, andikeni tarehe, kisha nyote saba muandike barua moja mtie saini muulize nani anaona, zinawekwa muda gani, na muitake iondolewe. Na mkibadilisha tundikeni kanga mbele yake, kujisitiri si kosa la kazi.

Sasa meseji. Komputa ni yake kweli, anaweza kukataza isitumike kwa mambo ya nyumbani na ukikiuka akakuonya kwa hilo. Lakini kuwa na komputa na kuwa na maneno yako na dada yako ni mambo mawili. Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 15 kinalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi, ya Muungano nayo ibara ya 16. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo na huku kwetu inatumika, inakataza kunasa mawasiliano ya mtu bila ya haki. Ila nikwambie ukweli usije ukaumia mbele, kuna tofauti ya mtu kuweka programu ya kunasa na mtu kukuta skrini umeiacha wazi akasoma, na wakili wake atashikilia hapo hapo. Watu pia watakwambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilioanza kutumika Mei 2023, ni kweli, lakini huku Zanzibar sheria hiyo haiingii kwenye mambo yasiyo ya Muungano na ajira si jambo la Muungano, kwa hiyo usiende nayo peke yake.

Kuna kesi ya kule Romania nataka uijue ingawa huku haitufungi. Bărbulescu alikuwa mfanyakazi wa mauzo, 2007 kampuni ikarekodi mazungumzo yake ya Yahoo Messenger, mengine ya ndugu yake na mchumba wake, ikamfukuza. Alikuwa anajua matumizi binafsi yamekatazwa. Pamoja na hivo 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binaadamu ikasema haki yake haikulindwa, maana hakuambiwa mapema kuwa atafuatiliwa kiasi gani wala kuwa yaliomo ndani ya meseji yatasomwa. Basi na wewe muulize meneja wako hilo hilo: lini tuliambiwa? Iko wapi kwenye mkataba?

Barua ya onyo usiinyamazie, ukinyamaza kesho itatolewa kwenye faili kama umekubali. Jibu kwa maandishi, kwa adabu, useme kumlalamikia dada yako mshahara umechelewa si utovu wa nidhamu, na weka kopi nyumbani. Kisha nenda CHODAWU-Z, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, kama ni mwanachama, au ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake, au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na wakikugusa kazi basi ni kitengo cha migogoro ya kazi, usichelewe. Na leo leo fungua WhatsApp kwenye simu yako, nenda vifaa vilivyounganishwa, ikate hiyo komputa.

SUALI: Mie dereva, napeleka bidhaa kutoka Chake mpaka Wete na Konde. Gari ina GPS sawa, lakini saivi tajiri anataka niweke programu kwenye simu yangu mwenyewe, mpaka usiku anaona nilipo. Nikatae?

JAWABU: Gari ni yake, mafuta yake, GPS ya gari na aiweke. Simu umenunua wewe, na usiku uko kwa mkeo na wanao, hapo hana lake. Usikatae kwa ugomvi lakini, mwambie bosi nipe simu ya kazi, nikimaliza safari naiacha ofisini na funguo za gari. Akisema simu ya kazi hana, iweke lakini kwenye mipangilio ya simu iruhusu kuona mahali ulipo pale tu programu inapotumika, na ukikabidhi gari uizime kabisa na umwambie wazi kuwa unaizima.