Mwenyekiti wa mtaa ni mramba

Mmeuliza wiki hii kama inafaa kuwawekea ndege wa uani chakula na maji. Maji mimi naweka, basi. Ila hapa Tanga ukiweka chochote uani umemwekea kunguru, na huyo ndiye wa kujadiliwa.

Nasema huyu wa shingo ya kijivu, si yule wetu wa kifua cheupe ambaye mjini siku hizi humwoni. Huyu aliletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka. Akala, akazaana, akavuka bahari, akageukia mayai ya wenzake. Kunguru mwoga wa kwenye methali si yeye.

Masika iliyopita minana, wale ndege wasukaji viota, walijenga kwenye mnazi wa jirani, kuti lililoinamia kwetu. Madume, manjano tupu, wanachana ukuti mbichi, wanasuka, kisha wananing'inia kichwa chini wakipiga mbawa ili jike aje akague. Jike akikataa, dume anafumua nyumba yote na kuanza upya. Nilikuwa napepeta mchele kunguru alipotua juu ya kuti, akashika kiota kwa mdomo na kukivuta. Minana wakapiga kelele weee, hakuna aliyemsogelea.

Akatoka mramba, ndege mweusi, kwenye waya wa umeme. Mdogo kwa kunguru kabisa, mkia umepasuka, jicho jekundu. Akampiga kisogoni, akapanda, akashuka tena. Kunguru akainama, akaachia kiota, akaruka. Mramba akamfuata akimng'oa manyoya ya mgongoni hadi juu ya mabati ya jirani. Huko nako hakumwacha. Mama mkwe akaweka kikombe chini, akasema, "Huyo ndiye mwenyekiti wa mtaa."

Kwa hiyo Kenya walipotangaza mwaka 2024 kuwa wataua kunguru milioni moja, mimi nilishangilia, na nilikaa hapa niandike kwamba na sisi tufanye hivyo. Lakini mwewe akizunguka juu ya ua wetu, anayemfukuza ni nani? Kunguru hao hao, kwa kundi. Ni kweli kifaranga akibaki peke yake wanambeba wao, sibishi.

Basi wapunguzwe, na tuanzie kwenye taka zinazolala sokoni, maana ndizo zinazowalisha kuliko maji yangu. Wakija watu na sumu ya kuwaua kunguru sitawazuia. Ningeomba tu wasubiri vifaranga wangu wakue kidogo.