Landlodi anaweza kunifungia nyumba juu ya mtu ninayeishi naye?

SWALI: Habari wakili. Mimi na msichana mwenzangu tumekaa Kayole miaka mitatu, rent tunalipa kila tarehe 5. Juzi nimetoka kazini nikapata keateka ameweka kufuli yake juu ya yetu, jiko na ndoo ziko koridoo, ati landlodi amesikia sisi ni "wale" na Katiba haitutambui. Jirani naye anasema korti ilisharuhusu tuoane. Nishike la nani?

JIBU: Pole sana dada, hiyo ya jiko koridoo imeniuma. Usishike la yeyote kati yao.

Hakuna korti ya Kenya imeruhusu hiyo ndoa. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inampa mtu mzima haki ya kuoa ama kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema vilevile. Wenzetu wa Afrika Kusini waliruhusu ndoa ya jinsia moja 2006 kwa sababu Katiba yao inataja wazi kwamba mtu asibaguliwe kwa vile anapenda wa jinsia yake.

Lakini ndoa ni kitu kimoja na kubaguliwa ni kingine, na hapa ndio landlodi amepotea. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa aina yoyote, ikiwemo wa jinsia, dini, mavazi na kadhalika, na hilo neno "ikiwemo" limepiganiwa kortini miaka mpaka Februari 2023, Mahakama ya Juu (Supreme Court), majaji 3 kwa 2, ikasema orodha haijaishia hapo na kwamba jinsia inabeba pia unampenda nani. Kesi yenyewe ilikuwa ya shirika la kutetea mashoga na wasagaji lililonyimwa usajili, si ya harusi, nadhani hapo ndipo jirani alichanganya. Tena 27(5) haisemi serikali peke yake, inasema mtu asimbague mwenzake, na landlodi ni mtu.

Sitakuficha, vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya adhabu, vile vya kuharamisha ngono "kinyume na maumbile" na ya wanaume kwa wanaume, bado viko, Mahakama Kuu (High Court) ilikataa kuvifuta Mei 2019. Ila hivyo vinashika tendo, kukaa nyumba moja na kugawana rent si kosa.

Sasa piga picha hiyo kufuli, weka meseji zote za M-Pesa za rent, mwambie landlodi akupe notisi kwa karatasi na sababu aiandike, halafu tafuta wakili mapema. Anzia hapo pa kufungiwa nyumba bila amri ya korti na huna deni. Kwa hoja hiyo, hakuna mtu ana ruhusa ya kukuuliza unalala na nani.