Jibu: Interapti kuchelewa Linux inapoachia memori

Umeuliza kwa nini interapti (ishara za vifaa zinazoomba CPU izihudumie mara moja) zinachelewa programu kubwa inapofungwa. Mshukiwa wa kwanza ni free_pcppages_bulk, fanksheni ya keneli (kiini cha Linux): inashika kufuli la zoni, yaani la eneo moja la memori, huku interapti za CPU hiyo zimezimwa, na inarudisha kurasa (vipande vidogo vya memori) kwa mafungu. Kwenye mashine yenye memori nyingi fungu huwa kurasa 63, ila toleo 6.7 la keneli lilileta CONFIG_PCP_BATCH_SCALE_MAX, mpangilio unaoweka kikomo cha mara ngapi fungu linaweza kuzidishwa kwa mbili. Ikiwa 5, ni 63 mara 32, yaani hadi kurasa 2,016 kwa mkupuo! Ishushe iwe 0, ujenge keneli upya. CPU zitagombea kufuli zaidi, ndiyo gharama yake.

Kwanza hakikisha: kwenye /sys/kernel/tracing andika irqsoff (kifuatiliaji kinachopima muda interapti zinapokuwa zimezimwa) ndani ya current_tracer, 0 ndani ya tracing_max_latency, funga programu, kisha soma faili la trace. Jina free_pcppages_bulk lisipoonekana humo, usihangaike na memori, kagua draiva (programu zinazoendesha vifaa).