Jibu: Waya wa antena wa bendi ya mita 20 (masafa ya karibu 14 MHz) kwa vilele vya SOTA (Summits on the Air, shughuli ya redio ya ridhaa ya kuwasiliana ukiwa kwenye vilele vya milima)
Ndugu, umeuliza kwa nini SWR yako (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio) inakuwa nzuri kwenye 13.6 MHz badala ya 14.06. Waya wako wa mita 10.5 ni mrefu mno kwa nusu wimbi la 14.06 MHz. Kupata urefu wa nusu wimbi kwa mita, gawa 143 kwa masafa unayotaka kwa MHz: 143 ÷ 14.06 ni mita 10.17. Usikate bado! Kunja ncha sentimita 33, uisokote kwenye waya wenyewe, upime tena. Kila sentimita husogeza takriban 14 kHz. Pima waya ukiwa umesimamishwa kama utakavyokuwa kileleni, maana ukikaribia ardhi masafa hushuka. Fimbo ya kuinulia waya iwe ya faibaglasi. Ya kaboni hupitisha umeme na kuvuruga vipimo. Pointi za SOTA zinahitaji mawasiliano na stesheni 4 tofauti, ukiwa ndani ya mita 25 za kimo kutoka kileleni.