Mbaazi zilidoda kwa sababu ya India
Mkuu unauliza kwa nini mbaazi 2017 zilikosa soko wakati mavuno yalikuwa fresh, jibu liko India. Wale ndo walaji wakubwa, dali (mchuzi wa mbaazi zilizokobolewa) kila siku, sasa mwaka ule walivuna kwao kibao, Agosti serikali yao ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka toka nje, basi huku Lindi, Mtwara na Babati bei ikaanguka vibaya magunia yakabaki ndani yanatobolewa na wadudu. Msumbiji walikuwa wajanja, walishasaini makubaliano na India ya kuwauzia mbaazi 2016. Sisi wenyewe hatuzili kihivyo, labda pwani mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, ila hizo hazimalizi shehena ya meli. India walikuja kufungua tena soko 2021.